Leseni ya Unahodha si ya Watu wa Pwani Pekee

Muulize kijana wa mtaa wa Rhonda, Nakuru, aliyemaliza kidato cha nne anataka leseni gani, atakutajia ya bodaboda au ya matatu. Ya boti haimjii. Mombasa iko zaidi ya kilomita 600 kutoka Nakuru, na ziwa lililo jirani na mtaa wake limo ndani ya mbuga inayolindwa na Huduma ya Wanyamapori, KWS. Lakini kaunti hii hii ya Nakuru ina Ziwa Naivasha, ambako boti hubeba watalii mwaka mzima, na ukipanda kaskazini hadi Kampi ya Samaki, utakuta wakazi wa kisiwa cha Kokwa hawavuki Ziwa Baringo bila boti.

Kazi yenyewe inataka ujuzi. Naivasha asubuhi hutulia. Alasiri upepo huamka na mawimbi yakapanda ghafla. Tangu maji yafurike mwaka 2020 na kuingia hadi mtaa wa Kihoto, migunga imekufa ikiwa imesimama majini, na visiki vingine vimejificha chini. Viboko nao huibuka wasikotarajiwa. Nahodha aliyefunzwa hujua kuhesabu abiria kabla ya kung'oa nanga, kuhakikisha kila mmoja amefunga jaketi la kuokolea, kuzima moto wa injini na kumwopoa aliyeanguka. Hujua pia kukataa safari hata mwenye boti akikasirika, na hilo naliona gumu kuliko yote.

Bila nahodha kama huyo, msiba huwa karibu. Kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Tanzania, tarehe 20 Septemba 2018, kilikuwa kimejengwa kwa abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Rais wa wakati huo, Magufuli, aliliambia taifa kwamba nahodha hakuwemo, na usukani aliachiwa mtu asiye na mafunzo.

Nchini Kenya, inayosimamia vyeti vya unahodha ni Mamlaka ya Masuala ya Baharini, KMA, chini ya sheria ya mwaka 2006 na ile ya usafiri wa meli ya 2009. Kuna njia mbili, na vijana wengi hutapeliwa kwa kutozitofautisha. Cheti cha boti ndogo hukuruhusu kubeba watalii na abiria ziwani. Hakikupeleki kuongoza meli ya makontena. Meli kubwa hufuata mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, STCW, wa mwaka 1978: upimwe afya na macho, usome mafunzo ya msingi ya kujiokoa, kuzima moto na huduma ya kwanza, kisha uingie chuo kama Bandari Maritime Academy. Kabla ya kuwa afisa wa zamu, mwanafunzi wa njia hiyo huhitaji angalau miezi 12 ya kazi melini chini ya uangalizi. Hapo ndipo wengi hukwama, maana Kenya ina meli chache, na cheti cha darasani bila miezi hiyo hakikufikishi darajani, meli inakoongozwa.

Anayevuka kizingiti hicho hupata uwanja mpana: vivuko, meli za kuvuta meli nyingine bandarini, meli za mizigo za kampuni za nje, na baada ya miaka mingi, urubani wa bandari. Tangu 2018 tuna pia Huduma ya Walinzi wa Pwani, inayofanya doria hadi maziwani.

Serikali ya kaunti inatoa basari kwa wanafunzi wa vyuo. Iweke fungu la unahodha, na iwalipie vijana wa Rhonda na Kaptembwa mafunzo ya kuogelea. Wewe kijana, usimpe wakala hata shilingi kabla hujauliza KMA wenyewe kama chuo anachokitaja kinatambuliwa. Nawe abiria wa Naivasha, kabla hujapanda, mwombe nahodha akuonyeshe leseni yake. Asipokuwa nayo, shuka.