Kinachomrudisha Kibarua Getini

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, eneo la viwanda Nyakato, Mwanza, watu wameshajipanga nje ya mageti. Wapo waliotembea kutoka Igoma ili kuokoa nauli ya daladala. Mama mmoja ameweka chupa ya uji na beseni la maandazi ukutani, anakopesha anaowafahamu. Msimamizi anatoka, anawaangalia, ananyoosha kidole: wewe, wewe, na yule mwenye fulana nyekundu. Geti linafungwa. Waliobaki, ambao ndio wengi, wanasimama kidogo huenda akatoka tena, halafu wanatawanyika. Kesho wengi wao watarudi. Wengine hawatarudi, wala si kwamba wamepata pengine. Wataamka, watakaa kitandani, na mwili utakataa kunyanyuka.

Kichwani mwa anayerudi na kichwani mwa aliyeacha kuna tofauti gani? Kwa karibu miaka 50 sayansi ilikuwa na jibu lake, kisha wenye jibu hilo wakaligeuza wenyewe.

Mwaka 1967, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, vijana wawili, Martin Seligman na Steven Maier, walichapisha matokeo ya majaribio ya mbwa. Kundi moja la mbwa lilipigwa shoti za umeme ambazo mbwa angeweza kuzizima kwa kusukuma kibao kwa kichwa. Kundi la pili lilipigwa shoti zilezile, lakini lifanye lisifanye, hazikuzimika. Baadaye wote waliwekwa kwenye sanduku lenye kizuizi kifupi. Kuruka tu, umepona. Wa kundi la kwanza waliruka. Wa kundi la pili, wengi wao, walilala chini wakagugumia. Hitimisho likawa kwamba kiumbe aliyeteseka bila uwezo wa kubadili kitu hujifunza kukata tamaa. Wazo hilo liliingia kwenye vitabu vya saikolojia dunia nzima.

Maier hakuishia hapo. Alihamia kwenye ubongo wenyewe, akitumia panya katika Chuo Kikuu cha Colorado, na mwaka 2016 yeye na Seligman waliandika kwamba walikuwa wameelewa jambo kinyume. Kulala chini si jambo la kujifunza. Mateso yakidumu, kundi la seli kwenye shina la ubongo humwaga kemikali ya serotonini kwa wingi, na mnyama huacha kutenda bila kujifunza chochote, ndivyo alivyoumbwa. Kinachojifunzwa ni upande wa pili. Mnyama akigundua kwamba tendo lake limebadili kitu, sehemu ya mbele ya ubongo, chini katikati nyuma ya paji, hutuma amri ya kuzituliza zile seli za shina. Tena athari hiyo hudumu: panya aliyewahi kupata nafasi ya kuzima shoti, hata akipelekwa baadaye kwenye shoti zisizozimika, hapoozi kama wenzake.

Kwa maneno mengine, aliyebaki kitandani hana kasoro ya tabia. Ubongo wake umefuata njia ya asili. Wa kushangaa ni yule aliyenyanyuka.

Nikilitazama geti kwa jicho hilo, naona kwamba kinachoumiza hakiishii kwenye kukosa kazi. Hakuna anachoweza kufanya mtu pale kikabadili kidole cha msimamizi. Kuwahi hakusaidii, kuoga na kuvaa vizuri hakusaidii. Ubao mmoja wenye chaki, unaoandikwa jioni kwamba kesho wanahitajika watu wangapi na waliokosa leo watatangulia, ungefanya kazi kubwa kuliko hotuba yoyote. Ndiyo maana pia siwacheki wanaotoka getini wakachukua ndoo ya dagaa kwa mkopo na kuipanga mafungu barabarani. Faida ni ya kubahatisha, lakini bei umepanga wewe, ukubwa wa fungu ni wako, na wa kukopeshwa unamchagua mwenyewe.

Sasa tuje kwenye kuwaza yajayo, maana matumaini hayawi bila picha. Mwaka 2007, Demis Hassabis na wenzake jijini London waliwaomba watu watano waliopoteza kumbukumbu, walioharibika sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi, wajifikirie wamelala ufukweni kwenye mchanga mweupe. Kwa jumla walitoa vipande vipande: buluu, sauti, mchanga, bila mandhari iliyoungana. Tunaijenga kesho kwa matofali ya jana. Mtafiti mwingine wa Uingereza, Andrew MacLeod, aliwauliza watu waliojaribu kujidhuru wataje mambo mabaya na mazuri wanayoyatarajia. Mabaya waliyataja kwa idadi kama ya watu wengine. Mazuri ndiyo yaliyowaishia. Aliyekata tamaa, basi, hana giza jingi kuliko sisi. Ana taa chache.

Hapa wahamasishaji wa mitandaoni huruka juu: jione uko ndani ya gari, jione uko ghorofani! Waache kidogo. Gabriele Oettingen, mwanasaikolojia Mjerumani, aliwafuatilia wahitimu wa chuo waliokuwa wakitafuta kazi. Baada ya miaka miwili, waliokuwa wakijistarehesha zaidi kwa ndoto za kazi nzuri walikuwa wametuma maombi machache, wamepata nafasi chache na mishahara midogo. Waliotarajia kufanikiwa kwa kuzingatia walichokwisha kukifanya walikuwa na hali bora. Ndoto tamu peke yake huupa mwili ishara kwamba safari imekwisha. Ushauri wake ni kuiwaza kesho, kisha papo hapo kukiwaza kizuizi kilichopo katikati.

Charles Snyder wa Chuo Kikuu cha Kansas, ambaye mwenyewe aliishi miaka mingi na maumivu sugu hadi alipofariki mwaka 2006, alilifupisha jambo hili kwa namna ninayoipenda. Matumaini, alisema, yana lengo, yana msukumo wa kwenda, na yana njia. Na zaidi ya njia moja, kwa sababu ya kwanza huwa inaziba.

Njia kuziba aliijua Aniceti Kitereza, mwandishi wa Ukerewe. Basi la kwenda Ukerewe kwa nchi kavu hupita hapahapa Nyakato kwenye barabara ya Musoma, hadi Bunda, kisha Kisorya na kivuko. Kisiwani huko, Kagunguli, aliishi mtu huyu aliyezaliwa mwaka 1896 na kusoma seminari ya Rubya, Bukoba. Watoto aliozaa na mkewe, Anna Katura, walikufa wangali wadogo, na wawili hao wakazeeka bila mtoto. Mwaka 1945 alimaliza riwaya ndefu kwa Kikerewe, habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke wanaohangaika kupata mtoto, na wanaompata. Alichonyimwa na maisha alikijenga kwa matofali aliyokuwa nayo: kilimo, uvuvi, pombe, ugomvi wa wakwe, dawa za waganga, namna watu wa kisiwa walivyosalimiana.

Hakuna aliyetaka kuchapa kitabu kinene cha Kikerewe. Padri Mkanada, Almas Simard, aliuchukua mswada akakusudia kuutafsiri kwa Kifaransa. Akafariki mwaka 1954. Njia ikaziba. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walifika kisiwani Wamarekani, mtaalamu wa historia Gerald Hartwig na mkewe Charlotte, wakautambua uzito wake. Mzee, viungo vikiwa vimeshikwa na baridi yabisi, akakaa akakitafsiri kitabu chake mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House walikitoa mwaka 1980. Kitereza alifariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia mkononi.

Nimewasikia watu wakiisimulia habari hii kama mfano wa ushindi wa matumaini. Sikubali haraka. Miaka 35 ni mingi mno, na aliyechelewesha si yeye. Kibarua naye, geti likiwa na nafasi 20 na watu 100, haongezi nafasi ya 21 kwa kutumaini sana. Kinachonigusa kwa Kitereza ni kwamba picha yake haikuwa ya sifa wala fedha. Ilikuwa kazi yenye ukurasa wa leo, na kila njia ilipoziba palikuwa na kitu mezani cha kufanya kesho yake.

Je, ustadi huo wa kutafuta njia unafundishika? Harare, Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi wa mitaani kukaa na wagonjwa wa msongo kwenye benchi nje ya zahanati. Bibi hatoi mahubiri. Anamwacha mtu ataje matatizo yake yote, achague moja, kisha mwenyewe atafute njia za kulikabili. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, baada ya miezi sita dalili za sonona zilibaki kwa asilimia 14 hivi ya waliokaa kwenye benchi, dhidi ya asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida. Zanzibar nao wameichukua benchi hiyo.

Mwanza tuna pa kuanzia. Utafiti wa MAISHA, uliofanywa hapa jijini na kuchapishwa mwaka 2019, uliwahusu wanawake 1,049 katika vikundi 66 vya mikopo midogo. Nusu ya vikundi vilipewa vipindi kumi vya mazungumzo kuhusu mahusiano, na wanachama wake walieleza kupungukiwa na kipigo nyumbani. Kikundi cha marejesho, kumbe, kinaweza kubeba zaidi ya fedha. Wanachama wanakutana, wanafahamiana, daftari liko katikati. Baada ya fedha kuhesabiwa kinachotakiwa ni nusu saa, na mtu mmoja aliyefundishwa kuuliza: katika yote haya, tuanze na lipi?