Vigingi Kabla ya Tofali

Katika vijiji vya Katavi, kiangazi ndio msimu wa kufyatua na kuchoma tofali. Mtu anayejenga Kasekese, Wilaya ya Tanganyika, hatafuti nguvu kazi mbali: ndugu na majirani huchota maji, hukanda udongo na hupanga tanuri. Makazi hayachakai kwa kukosa mafundi. Huchakaa kila mmoja anapojenga kivyake, njia zikabanwa, maji ya mvua yakakosa pa kupita.

Hanna Nassif, Kinondoni jijini Dar es Salaam, ilifikia hali hiyo. Kila masika maji yalijaa katika mtaa huo wa kando ya Mto Msimbazi. Miaka ya 1990, kwa msaada wa mashirika ya Umoja wa Mataifa likiwemo Shirika la Kazi Duniani, wakazi wenyewe waliajiriwa kuchimba na kujengea mifereji, kisha barabara. Ujira ukaingia mifukoni mwa wenye mtaa. Kodi za vyumba nazo zikapanda, na hilo wapangaji hawakulishangilia.

Wapangaji ndio walioumia zaidi Kurasini pia, upanuzi wa bandari ya jiji hilo ulipowahamisha watu mwishoni mwa miaka ya 2000. Fidia ilikwenda kwa wenye nyumba. Lakini baadhi ya wapangaji walikuwa katika vikundi vya akiba vya shirikisho la maskini wa mijini, linalosaidiwa na shirika la Centre for Community Initiatives. Wakaunda ushirika wa makazi na kununua ekari 30 Chamazi, pembezoni mwa Dar es Salaam. Walifyatua matofali yanayofungamana papo hapo, na nyumba zikaanza kwa chumba kimoja au viwili ili ziongezwe mkopo ukilipika.

Kikwazo hakikuwa saruji, kilikuwa kipimo. Kanuni za wakati huo zilitaka kiwanja kisipungue mita za mraba 400. Ekari 30 ni takribani mita za mraba 121,000, yaani viwanja 300 hivi, tena bila kuacha hata kichochoro! Ushirika ulilazimika kujadiliana na mamlaka hadi viwanja vidogo vikakubaliwa.

Vijijini mambo ni mepesi kidogo. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na mkutano mkuu wa kijiji una sauti katika ugawaji wake. Wanakijiji wanaweza kukubaliana mapema barabara ipite wapi na mfereji umwage wapi, ndipo hati za hakimiliki ya kimila zifuate mipaka hiyo. Chamazi walinunua hadi ardhi ya barabara. Huku Katavi, gharama ya kuanzia ni kamba, vigingi na kikao kimoja kirefu chenye ubishi, kifanyike kabla tofali za msimu huu hazijatoka tanurini.