Sigara na Homa ya Kifua



Mara nyingi tunasikia mtu akisema, "Mimi navuta mbili tatu tu kwa siku, na bado niko na nguvu." Mwingine anasema moshi huua viini vya homa. Je, ni kweli?

Sivyo. Korona ilipotuingilia mwaka 2020, uvumi ulienea kwamba sigara humkinga mtu. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza kwamba, kati ya wagonjwa wa korona waliolazwa hospitali, wavutaji ndio walioelekea zaidi kuzidiwa na kufa. Homa kali ya mafua, yaani influenza, nayo humsumbua mvutaji zaidi.

Kwa nini anazidiwa?

1. Ufagio umevunjika. Ndani ya njia ya hewa kuna vinyweleo vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Kazi yake ni kufagia vumbi, makohozi na viini kuelekea kooni ili vitoke. Moshi hulegeza vinyweleo hivi na hatimaye huviua. Basi uchafu unabaki kifuani, na viini vingine vinapata nafasi ya kuleta nimonia juu ya ile homa.

2. Damu haibebi hewa ya kutosha. Moshi wa sigara una kaboni monoksaidi, hewa ile ile ya sumu inayoua watu waliolala na jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Inachukua nafasi ya oksijeni katika damu. Mgonjwa aliyekosa pumzi hana akiba.

3. Mapafu yamechakaa. Aliyevuta miaka mingi amekwisha kupoteza sehemu ya mapafu yake. Homa ikija, inamkuta nusu ameshashindwa.

Tena, kupokezana sigara moja ni kupokezana mate, na viini huhamia humo. Watoto wanaovutishwa moshi nyumbani nao huugua kifua mara nyingi zaidi.

Je, nimechelewa?

Hapana, mzee wangu. Ukiacha leo, baada ya saa 12 ile hewa ya sumu katika damu hushuka hadi kiwango cha kawaida. Kati ya mwezi 1 na miezi 9, kikohozi na kukosa pumzi hupungua. Kuacha si rahisi, kwa hivyo usiachie ndugu yako apigane peke yake. Wawili waache pamoja, na pesa ya sigara iingie kwa sanduku la kikundi.

Mvutaji akipata homa na aanze kupumua mbio, kifua kibane au midomo igeuke rangi, msingoje asubuhi. Mpelekeni hospitali mara moja.

Ya kujadili kikundini:
- Ni nani kati yetu angependa kuacha? Tutamsaidia vipi?
- Je, tukubaliane mikutano yetu iwe bila moshi?
- Pesa ya sigara ya mwezi mmoja ingenunua nini nyumbani?