Kishikio cha GPS kwa Pikipiki: Kazi ya Mkono Nyumbani

Askari anapohamishwa kutoka Kampala kwenda kituo cha mbali, tuseme Kitgum au Kisoro, hukabidhiwa wilaya ambayo huenda hajapata kuikanyaga. Siku hizi njia zote za wilaya hiyo zaweza kuwamo katika simu yake. Lakini simu imo mfukoni, na mikono yote miwili ina kazi juu ya usukani. Basi waendeshaji wengi huitoa simu na kuishika kwa mkono wa kushoto, jicho moja kwenye ramani, jingine barabarani.

Hesabu yake ni ya kutisha. Pikipiki iendayo kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde. Aliyetazama mkononi kwa sekunde mbili tu amekwenda mita 33 bila macho, na mtoto wa shule hahitaji nafasi kubwa kama hiyo kuvuka njia.

Dawa ya jambo hili ni kishikio imara mbele ya dereva, nacho chaweza kutengenezwa nyumbani siku ya mapumziko. Chombo chenyewe kilianza kama mali ya jeshi. Satelaiti ya kwanza ya GPS ilirushwa na Marekani mwaka 1978 kwa ajili ya majeshi yake, na hadi Mei 2000 raia walipewa ishara iliyopunguzwa usahihi kwa makusudi. Satelaiti hizo huzunguka zaidi ya kilomita 20,000 juu ya ardhi. Hivyo ishara yake hufika ikiwa dhaifu mno, na haipenyi chuma. Kwa sababu hiyo simu haifai kufunikwa kwa bati juu yake, hata kama mvua inanyesha. Mfuko wa nailoni unatosha. Ishara hiyo pia haihitaji mtandao wa simu, mradi ramani iwe imekwisha kuhifadhiwa kabla ya safari.

Adui mkubwa wa kishikio ni mtetemo. Mwezi Septemba 2021 kampuni ya Apple iliwatahadharisha wateja wake kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki waweza kuharibu kamera za baadhi ya simu zake, ikashauri kwamba hata katika pikipiki ndogo kitumike kifaa cha kupunguza mtetemo. Katika barabara ya changarawe yenye mawimbi, jambo hilo halihitaji ushahidi zaidi.

Kitako kizuri kabisa hutoka jikoni: ubao wa plastiki wa kukatia mboga. Hauoti kutu, hukatika kwa msumeno wa chuma, tena hauzuii ishara. (Mama mwenye nyumba aulizwe kwanza, ubao uliotoweka jikoni umezua ugomvi katika nyumba nyingi.) Ukatwe uwe mpana kuliko simu kwa sentimita mbili kila upande, kisha kingo zilainishwe kwa tupa. Juu yake hugundishwa soli ya kandambili kuukuu, ambayo ni laini na hunywa mtetemo, ikichongwa mahali pa vitufe vya simu na mahali pa kupitisha waya.

Mkono wa kushikilia kitako ni ukanda wa aluminiamu wa unene wa milimita 3, upana wa sentimita 3. Kipande cha sufuria hakifai. Ni chembamba na kitapasuka. Ukanda ukunjwe mara moja tu ndani ya jiliwa, kwa maana aluminiamu ikikunjwa na kukunjuliwa huvunjika. Katika pikipiki nyingi ndogo bomba la usukani lina kipenyo cha milimita 22. Hapo huzungushwa kwanza mpira wa ndani wa tairi, kisha ukanda hubanwa kwa pete mbili za chuma zenye skrubu, zile zinazobania mipira ya maji. Kati ya ukanda na kitako pia huwekwa vipande vya mpira, na kila bolti hufungwa nati mbili, moja juu ya nyingine, zisije zikalegea.

Simu yenyewe hushikwa na vipande viwili vya mpira wa tairi vilivyopishana kama msalaba kutoka pembe hadi pembe, pamoja na kamba fupi ya usalama. Kamba hiyo isidharauliwe. Simu ikianguka kati ya usukani na tangi la mafuta, yaweza kuuzuia usukani usigeuke katika kona.

Baada ya kufunga, usukani ugeuzwe hadi mwisho, kushoto na kulia. Waya wa klachi na wa breki visivutwe, wala mita ya mwendo na taa zake zisifichwe. Kitako kiinuliwe kiasi cha dereva kukitazama kwa kushusha macho, si kichwa.

Anayetaka kuchaji simu njiani achukue umeme kupitia swichi ya ufunguo, ili betri isiishe usiku, na aweke fyuzi ya ampea 3 karibu na betri. Waya usio na fyuzi, ukichubuliwa na chuma, huwaka moto chini ya tangi la petroli.

Siku ya majaribio simu ikae nyumbani. Mahali pake pafungwe kipande cha sabuni ya mche chenye uzito wa gramu 200, pikipiki iendeshwe kilomita kumi katika njia mbaya kuliko zote za jirani, kisha kila nati ikazwe tena. Sabuni ikirudi mahali pake, simu yaweza kupanda. Ikianguka, aliyeiokota ana ya kufulia sare.