«Umepata je?»

Jirani yangu ana kijana wa kalasi ya nne. Jioni anauzisha ndizi mbele ya mlango. Nilimuomba ndizi 4, moja ni 300 franga. Hakuchelewa: «Mbili ni 600, mbili tena 600. Papa, ni 1200.» Nikamupa 2000, akanirudishia 800. Lakini kaye yake ya hesabu ilijaa alama nyekundu, na nyingi zilikuwa za kuzidisha. Baba yake, aliyetoka tu ku kazi ya usiku mgodini, alisema mbele yake: «Huyu, masomo inamushinda.»

Sisi wa Likasi tunajua neno lile linapeleka mtoto wapi. Akisikia kila siku kwamba kichwa chake ni kizito, mwisho anaacha kaye na kufuata wenzake kuosha mawe. Na tangu masomo ya primeri yalipokuwa bure, mwaka 2019, kalasi nyingi zimejaa sana. Mwalimu hana nafasi ya kuuliza kila mtoto amekosea wapi. Sehemu ya kazi hiyo inarudi ku nyumba.

Jambo la kijana wa ndizi liliisha kuonekana mbali na hapa. Mwaka 1985, watu wa elimu walitangaza yale waliyoyaona ku Recife, inchini Brazil, kwa watoto 5 wa miaka 9 mpaka 15, wauzaji wa soko. Wakiulizwa bei kama wanunuzi wanavyouliza, walijibu sawasawa mara 98 kwa 100. Hesabu za namna ile ile zikitolewa kavu, kama za shuleni, walifaulu mara 37 tu kwa 100. Sokoni mtoto anajumlisha kidogo kidogo na kujua yuko wapi. Ku karatasi anafuata njia ya kukariri, na akipotea hajui amepotelea wapi.

Karibu yetu, upande wa Zambia, Robert Serpell alilinganisha watoto wa Lusaka na wa Manchester, Uingereza. Alitangaza kazi hiyo mwaka 1979. Kwa kuchora na kalamu, Waingereza walishinda. Kwa kutengeneza vitu na waya, wa Lusaka walishinda. Kwa udongo walikuwa sawa. Yeyote anayeona motokari za waya za batoto ba Kikula ao Panda hatashangaa.

Basi ba mama na ba papa, hata asiyesoma Kifransa anaweza kusaidia. Mtoto akimaliza hesabu, usiangalie kwanza kama jibu ni sawa. Muulize: «Umepata je? Umeanzia wapi?» Muache aeleze kwa Swahili, lugha anayoiwazia. Muulize vile hata akipata sawa, la sivyo atafikiri kuulizwa ni azabu. Mara nyingi, akieleza, yeye mwenyewe atashituka: «Aa, hapa nimekosea.» Kijana yule aliona hivyo kwamba 300 mara 4 ni ndizi zake zile zile. (Mimi ningefurahi baba akisema pia: «Na mimi nilikosea hivi leo ku kazi.» Lakini hiyo ni ngumu zaidi kwa watu wazima.)

Kwa masomo ya kukariri kuna kosa lingine. Watoto wanasoma kaye mara tatu, mara nne, kwa sauti, na tunawasifu. Ku Marekani, mwaka 2006, Roediger na Karpicke walijaribu hilo kwa wanafunzi wa universiti. Waliosoma tena na tena walitazamia kukumbuka vizuri. Baada ya wiki moja, waliofunga kitabu na kujaribu kuandika yale waliyoyasoma ndio waliokumbuka zaidi. Kusoma tena kunamdanganya mtu: maneno yanakuwa laini machoni, anafikiri anajua.

Kwa hiyo asome mara moja, afunge kaye, akwambie yaliyomo. Pale anapokwama ndipo afungue tena. Kesho yake, muulize tena kidogo wakati wa bukari.

Na hiyo haiombi taa. Courant ikikatika saa moja ya jioni, kama tunavyozoea, kaye inaweza kubaki imefungwa na masomo yaendelee ku giza.