Fedha za Wageni: Jinsi ya Kupima Faida ya Tukio kwa Mji wa Ifakara

Faida ya tukio kwa uchumi wa mji ni fedha iliyoletwa na watu wa nje, ambayo isingefika bila tukio hilo, na ambayo imebaki mikononi mwa wenyeji. Mahafali ya chuo, sherehe ya jimbo la kanisa au mashindano ya mpira yanaweza kujaza gesti zote za Ifakara na bado yakaacha kidogo kuliko inavyodhaniwa. Ukweli hupatikana kwa kuwauliza wageni wenyewe, kwa utaratibu.

Hatua ya kwanza ni kuweka mpaka. Eneo linalopimwa likiwa Halmashauri ya Mji wa Ifakara, mtu aliyevuka daraja la mto Kilombero akitokea Lupiro au Mahenge ni mgeni, na fedha yake ni mpya. Likiwa bonde zima la Kilombero, wa Lupiro anakuwa mwenyeji, kwa kuwa fedha imehama tu kutoka sehemu moja ya bonde kwenda nyingine. Mpaka huo uamuliwe kabla ya dodoso kuandikwa, wala usibadilishwe baadaye ili kukuza hesabu. Matumizi ya wakazi wa ndani ya mpaka hayaingizwi: anayenunua chakula uwanjani leo huenda angeitumia fedha hiyo sokoni kesho.

Hatua ya pili ni kujua sababu ya safari. Ifakara hupokea watu mwaka mzima: wagonjwa na jamaa zao wanaokwenda Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, watafiti wanaofika Taasisi ya Afya Ifakara, na wafanyabiashara wanaofuata mpunga msimu wa mavuno. Baadhi yao hukutwa kwenye sherehe kwa sababu tu walikuwa mjini. Wengine walikusudia kuwatembelea ndugu, wakasogeza tarehe ili safari ikutane na tukio. Swali linalowatenganisha ni moja: kama tukio hili lisingekuwepo, ungekuja Ifakara mwaka huu? Anayejibu kwamba angekuja, matumizi yake yasihesabiwe, isipokuwa ya siku alizoongeza kwa ajili ya tukio.

Hatua ya tatu ni kuchagua wa kuhojiwa. Wadadisi wakikaa kwenye gesti peke yake, watawakosa waliofikia kwa jamaa na waliorudi siku hiyohiyo, nao waliolala siku nyingi watakutwa mara nyingi kupita kiasi. Ni bora kusimama kwenye milango ya tukio kwa saa tofauti na kumhoji, kwa mfano, kila mtu wa kumi anayepita, bila kuwachagua wenye sura ya ukarimu. Mahojiano mengine yafanyike stendi ya mabasi na stesheni ya reli ya TAZARA watu wanapoondoka, kwa kuwa aliyehojiwa asubuhi ya kwanza hajui bado atatumia kiasi gani. Utafiti wa kitaifa wa watalii, ambao Tanzania imeufanya tangu 2001, hufuata njia hiyo: wageni huhojiwa kwenye viwanja vya ndege na mipakani wakiwa njiani kutoka.

Dodoso liwe fupi: umetoka wapi, umekuja kwa sababu gani, unalala siku ngapi, fedha yako inalipia watu wangapi, na umetumia kiasi gani ndani ya Ifakara kwa malazi, chakula, bodaboda na bajaji, manunuzi na zawadi. Swali la idadi ya watu ni muhimu sana, kwani baba aliyewalipia watano akihesabiwa kama mmoja, matumizi yake kwa kila mtu huonekana mara tano ya yale halisi. Nauli iliyolipwa Dar es Salaam na mafuta yaliyojazwa Mikumi hayaingii.

Hesabu ya kubuni inaonyesha tofauti. Tuseme waliohudhuria ni 2,000 na waliohojiwa ni 300. Kati yao 120, yaani asilimia 40, wametoka nje, na 90 kati ya hao 120 wamekuja kwa sababu ya tukio. Hao 90 ni asilimia 30 ya waliohojiwa, hivyo wageni wa kweli wa tukio ni 600. Kila mmoja akitumia wastani wa shilingi 50,000, fedha mpya ni milioni 30. Anayewazidisha wahudhuriaji wote kwa wastani huo atatangaza milioni 100.

Hata hizo milioni 30 hazibaki zote. Sahani ya wali na samaki wa mto kwa mama lishe huacha sehemu kubwa kwa mkulima, mvuvi na mpishi wa bondeni. Soda iliyoletwa kutoka mbali huacha faida ya muuzaji tu. Kinachobaki huzunguka tena mjini, lakini mzunguko huo ni mdogo katika mji unaonunua bidhaa nyingi kutoka mbali, hivyo kuazima kizidishi cha taifa zima, yaani namba ya kukadiria mzunguko huo, ni kosa. Lazima pia kutoa hasara: mfanyabiashara wa mpunga aliyekosa chumba akaenda kulala nje ya mpaka, pamoja na gharama za halmashauri za usafi na ulinzi.

Takwimu ya mwisho itangazwe kama makadirio, pamoja na mpaka uliotumika, idadi ya waliohojiwa na vitu vilivyoondolewa. Halmashauri inayoombwa kuchangia tukio kwa fedha ya wananchi ina haki ya kudai hayo yote kabla ya kuamua.