Dalili na Ishara: Istilahi Mbili za Upimaji wa Mgonjwa

Mwanafunzi wa uuguzi hufundishwa kwamba habari za mgonjwa hupatikana kwa njia mbili. Kwanza, mgonjwa huulizwa, naye hueleza anavyojisikia. Pili, muuguzi mwenyewe hutazama, hugusa, husikiliza na kupima. Katika tafsiri nyingi za Kiswahili, habari za aina zote mbili huitwa kwa neno moja tu: dalili. Makala hii inakusudia kuonyesha kwa nini neno hilo moja halitoshi, na kupendekeza namna ya kuyatenga mambo hayo mawili.

Tuchukue mfano kutoka Mkoa wa Kagera. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya misheni ya wasichana iliyoko Kashasha, katika eneo ambalo sasa ni Wilaya ya Muleba, wasichana watatu walishikwa na kicheko wasichoweza kukizuia. Kufikia tarehe 18 Machi, shule ilipofungwa, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Hali hiyo ilimshika mtu kwa saa chache, au hata kwa siku 16. Baadaye ilienea hadi Nshamba na sehemu za karibu na Bukoba. Madaktari A. M. Rankin na P. J. Philip walichunguza mkasa huo na kuchapisha taarifa yao mwaka 1963.

Taarifa hiyo ina mambo ya aina tatu. Wapo wagonjwa waliosema kwamba wanasikia vitu vikitembea kichwani, au kwamba wanaogopa kufukuzwa na mtu. Hayo hayaonekani kwa macho ya mwingine. Ni mgonjwa tu awezaye kuyasema. Madaktari nao waliona kicheko, kilio na kutotulia, wakakuta mboni za macho zimetanuka ingawa zilisinyaa kwenye mwanga. Hayo angeweza kuyaona mpimaji yeyote. Mwisho, baada ya kukosa ushahidi wa sumu katika chakula au wa vijidudu, walikata shauri kwamba chanzo kilikuwa katika nafsi na si katika mwili. Huo ni utambuzi wa ugonjwa.

Wenyeji walikuwa na majina mawili ya hali ile. La kwanza lilikuwa enwara yokusheka, yaani ugonjwa wa kucheka. La pili, akajanja, yaani wazimu. Jina la kwanza linataja kilichoonekana. La pili limekwisha kutoa hukumu. Mwanafunzi anayeandika katika faili la mgonjwa neno la namna ya pili kabla ya kupima, humfungia njia daktari atakayelisoma faili hilo baadaye.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza kwamba, katika vitabu vya mafunzo, dalili liwe jina la yale anayoyasema mgonjwa, na ishara liwe jina la yale anayoyakuta mpimaji. Kichefuchefu ni dalili. Kutapika mbele ya muuguzi ni ishara. Joto la mwili, mapigo ya moyo, idadi ya pumzi kwa dakika na shinikizo la damu ziitwe ishara za uhai, kwani zote hupatikana kwa kupima.

Huenda msomaji akatupinga kwa methali isemayo kwamba dalili ya mvua ni mawingu, kwa kuwa mawingu huonwa na kila mtu. Pingamizi hilo ni la haki. Katika lugha ya kawaida neno dalili ni pana, na halina budi kubaki hivyo. Lakini istilahi hubana maana kwa ajili ya fani: katika fizikia neno kazi halina upana lilio nao shambani, wala hakuna anayechanganyikiwa.

Neno homa linahitaji uangalifu zaidi. Mtu asemapo "nina homa" pengine anamaanisha malaria, mafua, au kwamba hajisikii vizuri tu. Kwa muuguzi, homa ni joto la mwili lililozidi kawaida kwa kipimajoto. Tarehe 21 Machi 2023 ilitangazwa kwamba ugonjwa wa Marburg umeingia Bukoba. Hadi ulipotangazwa kwisha, tarehe 2 Juni, watu 9 walikuwa wameugua na 6 kufariki. Miongoni mwa waliougua walikuwamo wahudumu wa afya. Marburg huanza kwa homa na maumivu ya kichwa, kama malaria. Faili lenye neno "homa" pekee halisemi ni nani aliyeipima, ilianza lini, wala ilifikia nyuzi ngapi.

Yapo pia maneno yafaayo darasani yasiyofaa kitandani. Njia nne za upimaji ni kutazama, kupapasa, kugonga na kusikiliza. Kitabuni, kupapasa ni neno sahihi. Lakini kijana akimwambia mama wa makamo "nitakupapasa", atakuwa amemvunjia heshima. Aseme: "Mama, naomba nikuguse tumboni; ukisikia maumivu niambie." Vivyo hivyo, "malalamiko ya mgonjwa" humfanya mgonjwa aonekane mdai. "Shida iliyomleta" ni afadhali, na ndivyo muuguzi anavyouliza: "Shida gani imekuleta, mzee?"

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa wanaojifunza uuguzi katika hospitali kama za Ndolage na Rubya, wilayani Muleba. Kitabu husomwa kwa Kiingereza, wodini huzungumzwa Kiswahili, na mzee wa kijijini huenda akaeleza maumivu yake kwa Kihaya. Maneno ya mgonjwa huvuka lugha mbili kabla ya kufika kwenye faili. Mwalimu na amhimize mwanafunzi ayaandike kwanza kama yalivyosemwa, chini ya neno dalili, kisha aandike alichokipima mwenyewe, chini ya neno ishara. Mfasiri naye, akutanapo na dhana hizo mbili katika matini moja, asizifunike kwa neno moja.